Kabla hujamfungia kinyonga, mtembelee kwao Ozi

Huenda nawe una mtoto kama wangu. Jioni moja alirejea nyumbani, huko Nairobi, akiwa ameshika kijiti mkononi, na juu ya kijiti hicho alikuwapo kinyonga. Alimtoa katika ua wa saiprasi ulio nyuma ya nyumba za mtaa wetu. Majirani walitawanyika kana kwamba wameona simba. Mimi nami, badala ya kumwamuru amrudishe alikomtoa, nilimtafutia katoni. Tulitoboa matundu ubavuni, tukatia ndani tawi bichi la saiprasi, tukaweka na kisahani cha maji.

Siku ya nane kinyonga alikufa. Macho yalikuwa yamezama ndani, na mwili umekauka kama jani la mgomba. Mtoto hakulia sana. Aliniuliza swali moja tu: "Baba, tulikosea wapi? Ni lile tawi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Basi shule zilipofungwa tulifunga safari hadi Ozi, katika kaunti ya Tana River, kuwatazama wanyama watambaao katika miti waliyoichagua wenyewe. Nakualika leo tufuatane huko, kwani swali la mwanangu huulizwa na watu wengi duniani wanaofuga mijusi, nyoka na vinyonga. Ni tawi gani lililo salama, na ni mmea upi utakaomdhuru mnyama?

NJIA YA KUFIKA

Kutoka Mombasa utapita Kilifi na Malindi, kisha utaelekea kaskazini hadi Garsen, ambako barabara ya Lamu huuvuka mto Tana. Utaendelea hadi Witu, mji uliokuwa makao ya masultani katika karne ya 19. Hapo utaiacha barabara kuu na kushika njia ya Kipini, mwendo wa kilomita 20 hivi. Kipini ndipo Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unapomwaga maji yake katika Bahari Hindi. Kutoka Kipini utapanda mashua na kuupandisha mto hadi kijiji cha Ozi.

Huenda utashangaa kusikia kwamba hapo kale Tana haukupita huku. Maji yaliyofika Kipini yalikuwa ya mto mdogo ulioitwa Ozi, na Tana ulikuwa ukiingia baharini upande wa kusini zaidi. Wakati wa Sultani Ahmed wa Witu ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili kuiunganisha mito hiyo miwili na kurahisisha usafiri wa mitumbwi na bidhaa. Maji yaliupanua mfereji huo mwaka baada ya mwaka, na hatimaye Tana wenyewe ukahama ukaja huku. Tangu hapo maji matamu kutoka bara na maji ya chumvi ya bahari hukutana jirani na kijiji hiki, moja likipanda na jingine likishuka.

Kwa sababu hiyo miti ya huku ni ya aina nyingi. Karibu na bahari utaona mikoko na jamaa zake: mkoko wenyewe unaosimama juu ya mizizi kama mtu aliyepanda magongo, mchu, mlilana, mkandaa, muia, mkomafi na msikundazi. Ukipanda juu kidogo utakutana na msitu wa kandokando ya mto, kisha mashamba ya mpunga, migomba na miembe ya Wapokomo, ambao ndio wenyeji. Mnamo mwaka 2012 delta ya Tana iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye umuhimu kwa ulimwengu mzima, eneo la hekta 163,600.

KENGE ALITUFUNZA LA KWANZA

Wahenga walisema usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Nahodha wetu hakuhitaji kukumbushwa. Alimwonya mtoto asitie mkono majini hata mara moja, maana mamba wa Tana hawana mzaha. Lakini wahenga walisema pia kwamba katika msafara wa mamba kenge hawakosi, na kwa hakika hatukwenda mbali kabla ya kumwona kenge.

Alikuwa amelala juu ya tawi la mlilana lililoinamia maji. Ukimtazama upesi utadhani ni gome la mti. Mtazame kwa utulivu nawe utaona mambo matatu ambayo hata mwenye kizimba cha fahari huko Ulaya hana budi kuyajua.

La kwanza ni joto. Mnyama atambaaye hana moto wake mwenyewe mwilini kama mimi nawe. Huupata kutoka nje. Tawi lile lilikuwa nusu juani na nusu kivulini, na kenge angeweza kusogea hatua mbili tu akapoa. Katika kizimba, tawi lapasa kumwezesha mnyama kulisogelea joto na kulikimbia. Ukilipitisha tawi karibu mno na taa ya kupasha joto, mnyama ataungua tumbo au mgongo naye asitambue mapema.

La pili ni unene. Mafundi na wafanyabiashara wa pwani wana majina ya miti ya mikoko kwa kufuata unene wake: fito ndiyo nyembamba, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Mwanangu aliyasikia majina hayo kwa nahodha, naye akaanza kuwapangia wanyama. Kenge mkubwa huyo apewe boriti. Mjusi wa kawaida atatosheka na fito. Nyoka apewe tawi lisilo jembamba kuliko mwili wake. Kinyonga je? Kinyonga hata fito ni nene kwake. Yeye ataka kijiti cha unene wa kidole au penseli, akishike kama tunavyoshika bomba la basi.

La tatu ni uthabiti na pa kukimbilia. Mashua yetu ilipokaribia, kenge alijiachilia akatumbukia majini, chubwi! Tawi halikuyumba, wala yeye hakusitasita. Tawi la kizimbani nalo lapasa kufungwa barabara lisizunguke wala kuanguka, na karibu yake pawe na majani au pango la kujificha. Mnyama asiye na pa kujificha huishi kwa hofu, huacha kula, na mwishowe huugua.

KINYONGA WA UANI

Kijijini tulikaribishwa katika ua wa nyanya mmoja aliyekuwa akianika mpunga juu ya jamvi. Tuliamkuana, tukapewa maji ya dafu. Haikupita muda mrefu mtoto akaruka kwa furaha: penye mpera, kimo cha mtu, alikuwapo kinyonga wa kijani mwenye ukosi wa ngozi shingoni.

"Shikamoo Bibi. Naweza kumchukua?" aliuliza.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umchukue umpeleke wapi?" alijibu nyanya. "Hapo alipo ana mti wake, ana umande wake na nzi wake. Huko kwenu utampa nini?"

Mtoto alinitazama. Mimi nilitazama mpunga.

Watu wengi wa pwani humwogopa kinyonga na kumhesabu kuwa mkosi. Nyanya huyu naye hakumpenda, lakini hakumpiga mawe. Alituruhusu tumtazame mradi tusimguse, basi tulikaa hapo mchana kutwa.

Tazama miguu yake. Kila mguu una vidole vitano vilivyogawanyika mafungu mawili, viwili huku na vitatu kule, kama koleo la fundi. Miguu kama hiyo haikuumbwa kutembea juu ya katoni wala kioo. Tazama mwendo wake pia: hushuka, hupanda, hupita kando kwa kando. Kwa hiyo tawi moja lililosimamishwa katikati halimtoshi. Ataka vijiti vingi vinavyopishana, vya wima na vya mlalo, vyembamba na vinene kidogo.

Usiku tulirudi na tochi. Kinyonga alikuwa amepauka rangi, amelala kwenye ncha kabisa ya kijiti chembamba. Kwa nini ncha? Kwa sababu nyoka akija kumwinda, kijiti kitatikisika kabla hajafika, naye atajiachilia aanguke. Alfajiri tulimkuta akiramba umande juu ya majani, tone kwa tone.

Hapo ndipo nilipoyafahamu makosa yangu yote. Kinyonga wetu hakukitambua kile kisahani kuwa ni maji, kwa maana maji kwake ni matone yanayometa juu ya jani. Hakuwa na jua. Hakuwa na ncha ya kulalia. Na ingawa tulimtoa katika saiprasi, huko nje upepo ulikuwa ukipita naye alikuwa huru kuhama. Ndani ya katoni tulimfungia pamoja na harufu kali ya utomvu. Hakuna daktari aliyeniambia ni lipi kati ya hayo lililomuua. Lakini yote nilimtendea mimi.

MITI YA KUEPUKA

Iwapo siku moja utatakiwa kusaidia kutayarisha kizimba, labda katika shule au bustani ya nyoka yenye leseni, au ukiwa na jamaa anayeishi Uingereza au Ujerumani ambako ufugaji wa aina hii ni mwingi, kumbuka kanuni hii: usilitie ndani tawi usilolijua jina la mti wake.

Epuka kila mti utoao maziwa. Mnyaa, unaopandwa kuwa ua wa nyumba katika sehemu nyingi za nchi, una utomvu mweupe unaounguza ngozi na unaoweza kupofusha jicho. Epuka mkorosho, na hata mwembe ukiwa mbichi, kwani miti hiyo ni ya ukoo mmoja na utomvu wake hubabua. Mtoto yeyote aliyewahi kuiba maembe mabichi anayo habari hiyo midomoni.

Epuka oleanda, lile ua zuri la bustani za mjini. Ni sumu kuanzia mzizi hadi petali. Epuka msunguti, ambao ndio sumu ya mishale ya wawindaji wa kale. Epuka mranaha, mbarika, lantana na mtipitipi wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto hupenda kuzitunga shanga.

Epuka pia miti yenye mafuta na harufu kali: saiprasi, msonobari, mwerezi na mkaratusi. Harufu inayotupendeza sisi katika kabati ya nguo huudhuru mfumo wa kupumua wa mnyama aliyefungiwa nayo usiku na mchana. Mwarobaini nao uuache kwa tiba zake, kwa kuwa hufukuza na kuua wadudu, na wadudu ndio chakula chake huyo mnyama.

MITI INAYOFAA

Mpera ndio nitakaoutaja kwanza, kwa sababu ndiko tulikomkuta mwenyewe. Mti wake ni mgumu, gome lake ni laini, matawi yake hupinda vizuri, wala hautoi maziwa. Hibiskasi, lile ua jekundu la baraza nyingi za pwani, hupandwa katika vyungu ndani ya vizimba vya vinyonga sehemu nyingi za dunia: majani yake hushika matone ya maji, na mnyama akiyatafuna hayamdhuru. Mianzi nayo haina sumu, ila huteleza; ifungwe kamba ya katani mahali pa kukanyagia. Kobe hatumii tawi, lakini atafurahia nyasi, majani ya hibiskasi na mpungate uliotolewa miiba.

Na mikoko je? Mizizi yake iliyopinda humfanya kila mgeni atamani kuibeba. Usithubutu. Misitu ya mikoko ya pwani yetu imehifadhiwa na serikali tangu mwaka 1932, na kuikata kwataka kibali. Hata kigogo kilichooza na kuletwa na maji kimejaa chumvi, na gome la mkandaa lina rangi kali iliyokuwa ikitumika kutengeneza ngozi. Si kitu cha kutia kizimbani.

KULITAYARISHA TAWI

Usichukue tawi kando ya barabara kuu lenye moshi wa magari, wala katika shamba lililopuliziwa dawa, wala ubao uliopakwa rangi au dawa ya mchwa. Ukishapata lililo safi, lisugue kwa brashi na maji ya moto bila sabuni. Liloweke siku nzima, umwage maji, uloweke tena. Kisha lianike juani hadi likauke kabisa. Dogo laweza kutiwa katika jiko la kuokea mikate kwa joto la nyuzi 100 hivi muda wa saa moja, huku ukilikodolea macho lisiungue. Hivyo siafu, utitiri na mayai yao watakwisha. Ondoa vibanzi na ncha kali. Tawi likianza kuota kuvu, litoe.

Mmea wa chungu nao una masharti yake. Ukiununua kwa wauza miche wa kando ya barabara, osha majani yake kila upande, badilisha udongo wa juu, na uuache nje wiki kadhaa ili dawa na mbolea zipungue.

SHERIA YASEMAJE?

Hapa, msomaji, yafaa tuambiane ukweli. Nilipomtia yule kinyonga katika katoni, sikumkosea yeye tu. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, hakuna ruhusa ya kumtoa mnyama porini na kumfuga nyumbani bila leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Udogo wa mnyama si udhuru. Ukitaka watoto wawaone wanyama hawa kwa karibu, iko Bustani ya Nyoka katika Makavazi ya Taifa, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1961, na kiko kituo cha Bio-Ken huko Watamu, kilichoanzishwa mwaka 1980, ambacho kiko njiani ukielekea Malindi.

Tena sheria hizi zina sababu. Mwaka 1972 vinyonga wenye pembe tatu kutoka Kenya walisafirishwa hadi visiwa vya Hawaii, Marekani, kwa mwuza wanyama. Walifika wamedhoofika, naye kwa huruma akawaachilia katika bustani yake wapate nafuu. Nafuu waliipata, wakatoroka, wakazaana, na mpaka leo wamo humo wakila wadudu na konokono wasiopatikana popote pengine duniani. Jirani zetu wa Tanzania nao walipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya vinyonga wa milima ya Usambara kupakiwa kwenda ng'ambo.

CHUMVI INAPANDA

Kabla ya kuondoka, nyanya alitupeleka shambani kwake. Alituonyesha miembe mikubwa iliyosimama bila jani hata moja. Nilidhani ni radi. La, ni chumvi. Mto unapopungua nguvu, bahari hupanda na kuingia mashambani, na Tana wa leo hufika huku ukiwa umepitia mabwawa matano ya umeme huko juu, kuanzia Kindaruma la mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988. Mpunga haustahimili chumvi, mgomba haustahimili, na mwembe uliopandwa na babu hukauka mjukuu akiutazama.

Mwanangu aliizunguka miembe ile akitafuta kinyonga. Hakumpata. Aligusa gome, akasema taratibu, "Baba, haya ndiyo matawi yasiyo salama."

Nami ndipo nilipopata jibu la swali lake. Tawi huwa salama kwa jua linalolipiga, umande unaolidondokea, wadudu wanaolitembelea na maji yanayoufikia mzizi wake. Waweza kulikata na kulisugua upendavyo. Mengine hayo hayaingii katoni. Mwenye leseni hujitahidi kuyaiga kwa taa na bomba la kunyunyizia maji, na ni kazi ya kila siku. Sisi wengine tuna njia rahisi zaidi.

Tuliporudi Nairobi tulipanda hibiskasi tatu na mpera mmoja kandokando ya ua, na tumeacha kuupulizia dawa. Kila alfajiri mtoto hutoka na tochi kabla ya kwenda shule. Siku moja alimwona kinyonga mdogo amelala kwenye ncha ya kijiti. Alizima tochi, akarudi ndani kunyemelea, akatuamsha sote tukamtazame.

Nawe jaribu hivyo. Na ukipata nafasi ya likizo, wapeleke watoto Ozi. Mwende mchana, mtafute nahodha mwenyeji, mbebe kofia na maji ya kunywa, msitie mikono mtoni, na msirudi na kitu ila picha. Safari njema!